Mpira Sijui, Jumamosi Naijua

(Haya niliyasema kwenye mkutano wa familia zetu zinazozungumza Kiswahili hapa Iowa City na Coralville, kabla ya msimu wa futiboli kuanza. Wengi mlikuwa zamu, wengine mlikuwa na wagonjwa, na mmeniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha kama yalivyonitoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani hazipo.)

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, hamjambo. Ndugu zetu wa Kongo, jambo yenu. Vijana mliojificha kule nyuma na simu, nawaona.

Nimepewa nusu saa nizungumzie futiboli ya vyuo vikuu, hii ya Wamarekani, ya mpira uliochongoka huku na huku. Nimewasikia waliocheka jina langu lilipotajwa. Mama mtu mzima, na kilemba chake kichwani, na futiboli wapi na wapi? Subirini. Niseme mapema kabisa: sheria za mchezo huu nazijua nusunusu. Najua timu inapewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Najua mtu akivuka ule mstari wa mwisho na mpira wake, ni pointi sita. Baada ya hapo refa anarusha kitambaa cha njano, wanaume wazima wanasimama kujadiliana, na mimi narudi kwenye karanga zangu.

Sasa mtu asiyejua sheria anakuwaje shabiki mkereketwa? Niwaulize na mimi. Nani hapa anakumbuka maneno aliyosema sheikh au padri siku ya ndoa ya dada yake? Hakuna. Mnakumbuka nini? Mnakumbuka nani alilia, nani alikula sahani tatu, shangazi gani alinuna na kwa nini. Ndoa inafungwa kwa dakika chache, harusi inakwenda siku tatu. Jumamosi ya mji huu ni harusi, ndugu zangu, na mechi ni ile ndoa. Mimi nimekuja kuwaeleza harusi.

Fikirieni kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Mji huu una watu kama 75,000. Uwanja wa Kinnick unaingiza zaidi ya 69,000. Na wanaocheza mle si watu wa klabu, ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, ndiyo maana mzee wa miaka themanini anawaita "watoto wetu" na akikosea mmoja wao anasikitika kama mzazi. Uwanja wenyewe umepewa jina la mwanafunzi: Nile Kinnick, aliyeshinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1939, akaanza kusomea sheria, akaingia jeshini, na mwaka 1943 ndege yake ikaanguka baharini karibu na Venezuela akiwa mazoezini. Sura yake iko kwenye ile sarafu inayorushwa kuanzisha mechi za ligi hii ya Big Ten. Mechi ya Michigan, sura yake. Mechi ya Ohio, sura yake.

Haya. Nianze na dirisha.

Mwaka 2017 nilikuwa nafanya usafi kwenye hospitali ya watoto, lile jengo la ghorofa kumi na mbili lililo ng'ambo ya barabara, linaloutazama uwanja kutoka juu. Lilikuwa jipya, limefunguliwa mwaka huohuo. Jumamosi zangu zote zilikuwa zamu. Kwa hiyo futiboli niliianza kutokea upande wa pili wa kioo, nikiwa na fagio.

Kabla ya msimu ule, mama mmoja shabiki, mtu wa huku kwetu Iowa, alitupa wazo mtandaoni. Ghorofa ya juu kabisa ina madirisha makubwa, watoto wanaoumwa wanatazama mechi kutokea pale. Je, robo ya kwanza ikiisha, kwa nini uwanja mzima usigeuke ukawapungia mkono? Hakuna kamati iliyokaa. Hakuna bajeti iliyopitishwa. Tarehe 2 Septemba 2017, mechi na Wyoming, robo ya kwanza ikaisha, na watu wakageuka.

Sikilizeni nilichokiona mimi msimu ule. Kulikuwa na mtoto pale dirishani, mkono wa kushoto kaushikilia mti wa dripu, ule wenye magurudumu. Mkono wa kulia una bomba, limefungwa kwa plasta yenye vikatuni. Kule chini watu wote wamegeuka: jukwaa lile, na lile, na lile. Marefa wamegeuka. Wapinzani, waliosafiri kuja kutuchapa, wamesimama pembeni mwa uwanja na helmeti zao mikononi, wametazama juu na wao wanapunga. Yule mtoto akaniangalia. Akaniuliza, "Wananipungia mimi?" Nikamwambia, wewe. "Wote?" Wote. Akaupandisha ule mkono wenye plasta, polepole, kwa sababu bomba lilikuwa linamuuma, akapunga mpaka muuguzi akamwambia inatosha baba, shusha.

Msimu huohuo Iowa iliichapa Ohio State 55 kwa 24. Watu mpaka leo wanaisimulia mechi ile kazini, nani alidaka, nani alikimbia. Mimi ukiniuliza hata pointi moja ilipatikanaje, sina jibu. Ile plasta ya vikatuni naijua rangi zake zote.

Na msidhani ni siku ile tu. Mpaka leo, kila mechi ya nyumbani, robo ya kwanza ikiisha, wanageuka. Mechi za usiku wanawasha simu. Na tangu 2009 kuna utaratibu wa kumchagua mtoto aliyetibiwa pale awe nahodha wa siku, aingie uwanjani na timu. Halafu kuna kichekesho cha Septemba 2019, mlio wapya hamkijui. Kijana mmoja alisimama kule Ames, kwa watani wetu Iowa State, kwenye kipindi cha televisheni cha kabla ya mechi, ameinua bango la kuomba achangiwe pesa ya bia. Mzaha mtupu! Watu wakatuma. Wakaendelea kutuma. Kijana alipoona inazidi, akabakisha ya bia kidogo akasema zinazobaki ziende hospitali ya watoto ya Iowa City. Mpaka mchango unafungwa zilikuwa karibu dola milioni tatu. Bango la bia, ndugu zangu, tena limeinuliwa kwa mtani.

Twende maegeshoni.

Nilipobadilishiwa zamu, muuguzi mmoja akaniambia Jumamosi njoo tule pamoja kabla ya mechi. Mechi ni mchana, akaniambia nije saa mbili asubuhi. Nikadhani amekosea. Nikafika saa mbili na sufuria langu la pilau nimelifunga kwa kitenge, nakuta moshi umeshapanda mji mzima. Watu wamefungua milango ya nyuma ya magari, wamepanga majiko, meza, viti vya kukunja, televisheni juu ya jokofu. Wenye nyumba za barabara ya Melrose wameshakodisha bustani zao za mbele, gari kwa gari, majani yote yamelala. Mbele kidogo mtu anauza mapaja ya bata mzinga, paja moja kubwa kama rungu la mgambo, na watoto wanatembea nalo wanalitafuna huku wakipaka mafuta jezi za watu.

Na mnajua kilichonishangaza? Hakuna mlango. Sisi tuliozoea kuishi huku tunajua: Mmarekani humwendei nyumbani bila ahadi. Jirani unaweza kukaa naye miaka na hujui sebule yake ina kochi la rangi gani. Lakini Jumamosi ile sebule zote zimetolewa nje. Unapita, mtu asiyekujua anakuuliza, umekula? Nikasema, aa, hapa nimefika Tanga.

Pembeni ya gari letu alikuwapo mzee mmoja mkulima, kofia yake ina kibandiko cha duara, herufi tatu: ANF. Pilau langu alilila sahani mbili, akauliza hiki kidogo cheusi ni nini, nikamwambia ni pilipili manga, kitafune tu mzee wangu. Nikamuuliza na mimi, hizo herufi ni nini?

Akaweka uma chini. Ni kifupi cha maneno kwamba Marekani inawahitaji wakulima. Akanieleza miaka ya themanini. Wakulima walikuwa wamekopa ardhi ikiwa bei juu, riba ikapanda, bei ya ardhi ikaporomoka, benki zikaanza kuchukua mashamba. Mwaka 1985 timu ya Iowa ilikuwa moto, nchi nzima inaitazama, na kocha wao Hayden Fry akaamua: kama macho yote yako kwetu, basi wayaone na haya. Akabandika zile herufi tatu kwenye helmeti za wachezaji. Mpaka leo ziko pale, mkitazama vizuri mtaziona.

Kisha yule mzee akanisimulia siku ya mnada wa shamba la baba yake. Vitu vyote vimepangwa juu ya majani, kuanzia trekta mpaka ndoo. Baba mtu amekaa ndani, hataki kutoka. Jirani mmoja akanunua nyundo kwenye mnada, akaingia nayo ndani, akamwekea yule baba mezani, akatoka bila kusema kitu. "Hiyo nyundo ninayo," akaniambia.

Na mimi nikamweleza ya kwetu. Baba yangu alikata mkonge, nikamwambia. Tanga yote ilikula mkonge. Kamba za nailoni zilipoingia, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakaota majani, vijana wakatawanyika, na mimi ni mmoja wa waliotawanyika. Akanisikiliza vizuri kabisa. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mtu Marekani aliwahi kuniuliza: mkonge unakatwaje, kwa mkono au kwa mashine? Nikamwonyesha kwa kisu cha mezani na jani la saladi. Watu wakaingia uwanjani, sisi tuko pale. Tukasikia mzinga wa kelele, akanyanyua kichwa, akasema, "Tumefunga," akarudi kwenye mkonge.

Sasa utani. Watanzania mliomo humu, mnajua Simba na Yanga. Mnajua mtu anaweza kumnyima mwenziwe salamu wiki nzima kwa bao moja. Huku nako upo, na wa kwetu sisi na Minnesota una nguruwe ndani yake. Waislamu wenzangu msikunje nyuso, ni nguruwe wa shaba, haliwi. Wapenzi wa kitimoto, poleni nanyi.

Chanzo chake lakini si kichekesho. Mwaka 1934 Iowa ilikuwa na mkimbiaji mweusi, Ozzie Simmons, kijana kutoka Texas. Hodari sana. Minnesota walikuja hapa wakashinda 48 kwa 12, na siku ile Simmons alipigwa vibaya, mara kadhaa ikabidi atolewe nje. Watu wa Iowa wakaona wazi kwamba aliandamwa. Hasira ikakaa mwaka mzima. Mwaka 1935 Minnesota walipokuwa wanarudi, gavana wa Iowa, Clyde Herring, akatamka maneno yaliyosikika kama onyo: wakicheza tena vile, umma hautavumilia. Hapo mnaona kunakoelekea.

Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, angeweza kujibu kwa ukali. Badala yake akatuma simu ya maandishi yenye utani: tuwekeane dau la nguruwe, anayeshindwa ampelekee mwenzake. Magazeti yakaandika nguruwe, watu wakacheka, mechi ikachezwa kwa amani, Minnesota wakashinda 13 kwa 6. Herring akachukua nguruwe mzima mzima kutoka shamba la Rosedale, akampa jina la mwenzake, Floyd, akampeleka mpaka ofisini kwa gavana, kwenye zulia. Kuna mtu alikwenda kumshtaki Herring kwa kucheza kamari! Baadaye ikatengenezwa sanamu ya shaba, karibu kilo 45, na ndiyo inayogombewa mpaka leo. Mwaka 2023 Minnesota waliichukua kwa 12 kwa 10 baada ya pointi zetu za mwisho kufutwa. Hilo sitaki kuliongelea mbele ya watoto.

Mimi hadithi hii naipenda, na pia ina mahali inaponikera. Nguruwe wote wanamjua. Ukiuliza mashabiki mia pale maegeshoni Floyd ni nani, watakwambia. Uliza Ozzie Simmons ni nani. Utani ulizima moto, sawa, lakini aliyeunguzwa hakuna sanamu yake inayobebwa mabegani.

Kwa hiyo vijana, wekeni simu chini kidogo, hili ni lenu. Mwanangu aliniuliza akiwa darasa la saba: mama, mchezo huu ni wetu au tunauazima? Nikamchukua mpaka pale uwanjani, siku ambayo hakuna mechi.

Majani ya uwanja wa Kinnick yana jina lake peke yake. Tangu 2021 yanaitwa uwanja wa Duke Slater. Huyu ni mtoto wa mchungaji, mtu mweusi, alikulia mji wa Clinton hapahapa Iowa. Inasimuliwa kwamba akiwa shule, nyumbani hawakuwa na pesa za kununua viatu na helmeti pamoja. Akaambiwa achague. Akachagua viatu. Ndiyo maana ukutani pale nje kuna sanamu yake akicheza kichwa wazi, anawazuia watu wa Notre Dame, mwaka 1921, mechi ambayo Iowa ilishinda 10 kwa 7 na kuwakatisha Notre Dame waliokuwa wameshinda mechi ishirini mfululizo. Akaenda kucheza kwa malipo, huku anasoma sheria. Akamaliza 1928. Akaja kuwa jaji Chicago. Chuo kina bweni linaitwa Slater. Na mjue kwamba enzi zake wanafunzi weusi hawakuruhusiwa kulala kwenye mabweni ya chuo hicho.

Na kule Ames, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, uwanja wa watani wetu unaitwa Jack Trice. Mwaka 1923 alikuwa na miaka ishirini na moja, mwanamichezo wa kwanza mweusi wa chuo kile. Usiku wa kuamkia mechi na Minnesota aliandika barua kwenye karatasi ya hoteli: heshima ya rangi yangu, ya familia yangu na yangu mwenyewe iko mashakani, kila mtu anatarajia nifanye makubwa, nitayafanya. Kesho yake, mwanzoni tu mwa mechi, akavunjika mfupa wa bega. Akaendelea kucheza. Kipindi cha pili akakanyagwakanyagwa. Wakamrudisha kwa treni amelazwa juu ya godoro la majani makavu, na tarehe 8 Oktoba akafariki. Barua ile waliikuta mfukoni mwa koti lake kabla ya maziko. Wanafunzi walipigania miaka na miaka uwanja upewe jina lake, na ilikuwa 1997 ndipo ukapewa.

Siku ya mechi ya Ames mimi nawatania wale watu kuanzia asubuhi. Nawaambia timu yao ni ya kupanda mahindi tu. Lakini kabla ya kuingia napita kwenye sanamu ya yule kijana na mwanangu, na huwa hatutanii pale.

Je, mwanangu aliuliza tena mchezo ni wetu au wa kuazima? Hakuuliza tena. Aliomba anunuliwe viatu.

Sasa ya utendaji, maana muda umekwisha na naona mwenyekiti anaangalia saa. Jumamosi ya kwanza ya nyumbani tutakuwa na meza yetu. Vaeni nyeusi na njano ya dhahabu. Msivae rangi ya chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni! Hayden Fry alikipaka waridi ili kuwalegeza wapinzani, na ukarabati wa mwaka 2005 ukafikisha waridi mpaka vyooni. Tiketi ni ghali, asiye na tiketi asibaki nyumbani kwa sababu hiyo, maegeshoni hakuna anayeuliza tiketi. Mwenye tiketi, mkoba uwe wa plastiki unaoonyesha vilivyomo, la sivyo utarudishwa getini. Novemba mje na blanketi, baridi ya jukwaani haina mzaha.

Akina mama, tukutane pale mlangoni tugawane: nani mchele, nani nyama, nani kachumbari. Ndugu zetu wa Kongo, sombe tunaitegemea kwenu, na mwaka jana haikutosha. Baba mwenye jiko kubwa, tafadhali ulilete Ijumaa. Na mwenye swali la kitambaa cha njano amuulize mwanangu, ndiye yule pale nyuma mwenye kofia nyeusi.